Maswali na Majibu: Tairi za Nyuma za Kwadi kwenye Ardhi Ngumu

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Dodoma. Mwezi wa tano nilinunua pikipiki ya magurudumu manne, maarufu kama kwadi, aina ya Yamaha Raptor 700R, kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa akiiendesha kwenye mashamba yenye matope upande wa Rufiji. Tairi za nyuma alizoziweka ni 22x11-9, zenye kashata ndefu za matope, yaani vile vinundu vya mpira vya kushika ardhi. Mimi huitumia kwenye barabara za changarawe na vijia vya katikati ya mashamba ya zabibu, ambako tangu mvua ikatike ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Kwenye mstari mnyoofu mashine inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nikikata kona, kwanza inagoma kugeuka, kisha nyuma inachomoka ghafla. Kashata zimeshaliwa nusu ndani ya miezi mitatu. Fundi aliyenipakilia mashine kule Dar alijaza upepo psi 6, nami sijaugusa tangu siku hiyo. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue Maxxis Razr, mwingine ITP Holeshot, na wa tatu anasema nichukue yoyote ilimradi iwe kubwa. Nichague ipi, na kwa vigezo gani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa shilingi ya tairi mpya, naomba upime upepo ulio ndani ya hizo ulizo nazo, kwa sababu nashuku kwamba sehemu ya mateso yako umesafiri nayo kutoka Dar es Salaam. Tairi za kwadi za michezo hubeba upepo mdogo sana, kwa kawaida kati ya psi 4 na 6, ilhali tairi ya gari dogo hubeba 30 au zaidi. Geji hupima tofauti kati ya msukumo wa hewa iliyo ndani ya tairi na ule wa hewa inayotuzunguka. Pwani, hewa hii ya nje husukuma kwa takriban psi 14.7, Dodoma, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, husukuma kwa chini kidogo ya 13. Kwa hiyo, kama tairi zako hazikuvuja, zile psi 6 za Dar zilifika kwako zikiwa zinakaribia 8 bila mtu yeyote kuongeza upepo, na joto la saa nane mchana likishaingia kwenye mpira zinaweza kupita 9. Kwenye tairi ya gari nyongeza ya psi 2 au 3 ni jambo dogo, lakini kwenye yako ni nusu ya upepo wote uliotakiwa kuwemo. Tairi iliyojazwa hivyo huvimba katikati kama mgongo wa kobe, ikagusa ardhi kwa ukanda mwembamba tu, na kila kijiwe inachokikanyaga hukirushia mikononi mwako badala ya kukimeza.

Anza basi kwa kufuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine na kwenye kitabu chake, na ujaze asubuhi, tairi zikiwa za baridi, hapo hapo unapoendesha. Usiitegemee geji ya kituo cha mafuta, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya magari na malori na haiwezi kukuonyesha kwa uaminifu tofauti ya 4 na 6. Tafuta ile ndogo ya upepo wa chini, ambayo mwisho wake ni psi 10 au 15. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa cha kwanza ambacho mwenye kwadi anapaswa kukinunua, hata kabla ya spana.

Upepo ukishakuwa sawa mtetemo utapungua, ila kona zako hazitapona, kwa sababu chanzo chake ni kingine, nacho kinahitaji maelezo marefu kidogo. Tazama askari wa gwaride wanapogeuka wakiwa wamejipanga safu moja: aliye ndani ya mzunguko hupiga mguu karibu palepale, na aliye nje hurefusha hatua ili safu isikatike. Gari huziwezesha tairi zake kufanya vivyo hivyo kwa msaada wa difu, ambayo huiachia kila tairi mwendo wake. Kwadi ya michezo kama Raptor haina difu. Mnyororo unazungusha ekseli moja iliyonyooka kutoka upande hadi upande, na tairi zote mbili zimefungwa juu yake, hivyo ni lazima zizunguke sawasawa wakati wote. Raptor 700R ina upana wa karibu sentimita 117, na kutoka katikati ya tairi moja ya nyuma hadi katikati ya nyingine ni kama sentimita 90. Ukigeuza nusu duara, tairi ya nje inapaswa kusafiri karibu mita 2.8 zaidi ya ile ya ndani. Kwa kuwa ekseli hairuhusu tofauti hiyo, hakuna budi tairi moja iburuzwe.

Kwenye mchanga au matope tairi huburuzwa bila wewe kuhisi, kwa kuwa ardhi yenyewe inasogea. Kwenye ardhi ngumu ardhi haisogei hata kidogo, na kinachosogea ni mpira. Hapo ndipo kashata ndefu zinapokuangusha. Ardhi ya matope huwapa kashata mahali pa kuzama na kushikilia. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi haiwapi pa kuzama, kwa hiyo mashine nzima inasimama juu ya ncha zao, kama mtu aliyesimama juu ya nywele za brashi. Ukikata kona, kashata zinapinda kwanza, na ndiyo maana unahisi mashine inagoma. Zinapofika mwisho wa kupinda zinaachia kwa pamoja, na ndipo nyuma inapochomoka. Kila zinapopinda na kuachia zinasuguliwa, na hiyo ndiyo sababu nusu imekwisha kwa miezi mitatu. Chuchumaa nyuma ya kwadi yako upapase kashata za katikati kwa kidole, kwanza kwa kufuata mzunguko wa tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Utakuta ukingo mmoja umeviringika na mwingine bado ni mkali. Hakuna ubovu wa mpira hapo, bali ni tairi iliyopelekwa kufanya kazi isiyo yake.

Kwa hiyo, unapochagua tairi ya nyuma ya ardhi ngumu, usiulize itashika kiasi gani peke yake, uliza pia itateleza namna gani. Tairi njema kwa kazi hii ni ile inayoanza kuteleza mapema kidogo, polepole, kwa namna ambayo mwendeshaji anaihisi kiunoni kabla haijafika mbali, na ikirudi kushika inashika bila kumrusha. Sifa hiyo hutokana na kashata fupi zilizokaribiana, ambazo hazipindi kirahisi na zinaweka mpira mwingi chini, pamoja na bega la mviringo. Bega ni pale uso wa tairi unapokutana na ubavu. Tairi yenye bega la pembe kali hushika sana mpaka inapofika ukingoni, kisha ikaachia mara moja, na wakati mwingine ukingo huo hujikwaa na kuinua upande mmoja wa mashine. Lenye mviringo huachia kidogokidogo.

Ukitaka ushahidi wa jambo hili, angalia Marekani, ambako kuna mashindano ya kwadi kwenye viwanja vya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, yanayojulikana kwa jina la TT. Hiyo ni ardhi ngumu kuliko yoyote utakayoipata shambani, na tairi zinazotumika pale, kama zile za Hoosier na American Racer, karibu ni vipara: mpira laini wenye mifereji mifupi tu. Wanaoshindana kwa sekunde wameacha kashata ndefu kwa sababu kwenye udongo wa namna ile kinachoshika ni mpira wenyewe. Sikushauri uzinunue hizo, kwa kuwa kwenye changarawe iliyolegea zitakutupa nje ya njia, na miiba ya Dodoma itazitoboa mapema, lakini zinaonyesha wazi ni upande gani wa kuelekea.

Sasa nije kwenye namba. Namba 22x11-9 maana yake ni kimo cha inchi 22, upana wa inchi 11, na rimu ya inchi 9. Raptor 700R hutoka kiwandani na tairi za nyuma za 20x10-9. Aliyekuuzia alipandisha kimo ili apite kwenye madimbwi, jambo lililokuwa na maana kule alikokuwa. Kwako, inchi 2 hizo zimeinua mashine yote kwa nyuma sentimita 2.5 na kuifanya iwe rahisi zaidi kuegemea upande, ilhali ardhi ngumu ndiyo inayokuadhibu zaidi kwa kuegemea. Zaidi ya hayo, mzunguko wa tairi ya inchi 20 ni kama sentimita 160, na wa inchi 22 ni kama sentimita 175, maana yake ni kwamba umeongeza gia kwa asilimia 10 bila kugusa sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo. Ili kurudisha nguvu ile ile ya kuondoka, sproketi ya nyuma yenye meno 38 ingebidi iwe na karibu 42. Huyo muuzaji wa tatu anayesema ununue kubwa tu, mshukuru na umwache.

Rudi kwenye 20. Kuhusu upana, 20x10-9 itakufaa vizuri, na 20x11-9 pia huingia kwenye rimu hizo hizo za inchi 9 na kukupa utulivu zaidi, kwa gharama ya uzito kidogo. Mimi kwa barabara zako ningechukua 11, kwa sababu changarawe ndogo iliyotandazwa juu ya ardhi ngumu hufanya kazi ya gololi chini ya tairi, na upana ule wa ziada husaidia kashata kadhaa kupita katikati ya vijiwe na kugusa ardhi yenyewe. Anayekuambia kwamba tofauti ni kama usiku na mchana anatia chumvi.

Jambo la uimara wa tairi, linaloandikwa kama plai 2, 4 au 6, ungeweza kulipuuza kama ungekuwa unaishi mahali pengine. Plai ni kipimo cha nguvu ya mwili wa tairi, na si lazima idadi ya matabaka ya nyuzi ilingane na namba hiyo. Tairi ya plai 2 ni nyepesi, inakunjika vizuri na kumeza mashimo. Ya plai 6 ni nzito na ngumu ubavuni. Kwenye kiwanja safi ningekuambia uchukue nyepesi bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa uzito wa tairi za nyuma haubebwi na springi na kila gramu hupigana na ardhi. Lakini njia zako zimepakana na migunga, na mwiba mmoja mkavu wa mgunga unatosha kukulaza porini. Chukua plai 6, ama 4 ikikosekana, kisha ushushe upepo kwa nusu psi chini ya ule ambao ungetumia kwenye tairi nyepesi, bila kwenda chini ya kiwango cha chini cha kitabu, ili ubavu ule mgumu upate kunyumbulika. Tairi hizi hazina mpira wa ndani, kwa hiyo tembea na vifaa vya kuziba tundu kwa nje pamoja na pampu ndogo.

Maxxis Razr na ITP Holeshot ulizotajiwa zote ni za kwadi za michezo, na zote ni heshima kwenye mashine yako. Tatizo ni kwamba kila jina limebeba matoleo kadhaa yenye kashata, plai na ugumu wa mpira unaotofautiana, kwa hiyo jina peke yake halijakujibu lolote. Mwambie muuzaji akuwekee tairi chini, usome ubavu, kisha ubonyeze kashata ya katikati kwa kidole gumba kwa upande. Ikipinda kirahisi na kuonyesha mwanya mkubwa kati yake na jirani yake, hiyo ni ya udongo laini, iwe imeandikwa jina gani. Kuhusu ugumu wa mpira itakubidi uchague unachotaka kupoteza, kwa kuwa mpira laini hushika vizuri zaidi ardhi ngumu na huisha haraka. Kwa mtu anayeendesha kila siku kati ya mashamba, mpira wa ugumu wa wastani ndio wa haki.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo mimi mwenyewe lilinigharimu. Miaka iliyopita tairi yangu ya nyuma ya kulia ilichanwa na kisiki, nikanunua moja mpya ya kampuni ile ile na namba ile ile, 20x10-9, na ile ya kushoto iliyochakaa nikaiacha. Kwenye barabara ngumu mashine ikaanza kunivuta kushoto bila kukoma. Nilikaza usukani na kubadilisha beringi, kumbe kosa lilikuwa nyuma. Nilipochora mstari wa chaki katikati ya kila tairi na kuizungushia tepu ya fundi cherehani, mpya ilizidi ya zamani kwa sentimita 3 za mzunguko. Tairi ya kimo hiki huzunguka zaidi ya mara 620 katika kilomita moja, kwa hiyo kwenye ekseli isiyo na difu tairi moja ilikuwa inataka kwenda karibu mita 19 mbele ya mwenzake katika kila kilomita, na tofauti hiyo ililipwa kwa mpira uliosagika. Nunua tairi za nyuma mbili kwa pamoja. Hata hizo mpya, zijaze upepo sawa na uzipime kwa tepu kabla hujaondoka dukani, kwa sababu zinaweza kutofautiana. Mimi sikubali zaidi ya sentimita 1.

Wakati wa kuzivika, angalia mshale wa mwelekeo ulio ubavuni, safisha ukingo wa rimu mpaka kutu yote itoke, paka maji ya sabuni, na usimruhusu fundi apitishe upepo ulioandikwa kwenye tairi kuwa ndio mwisho wa kuikalisha kwenye rimu. Mvua zitakaporudi mwezi wa Desemba na ule udongo mweusi wa mbugani ukaanza kunata, tairi hizi fupi zitajaa tope na kukuangusha moyo, kwa hiyo hizo za matope usizitupe. Zifunge kwenye rimu za mitumba uzitundike kivulini.

SWALI: Mimi ni Mswahili niliyezaliwa Unguja na sasa naishi Bidiyah, Oman, jirani na mchanga wa Sharqiya. Kwadi yangu ina tairi za makasia kwa nyuma. Kutoka nyumbani hadi kwenye vilima vya mchanga ni kilomita kadhaa za ardhi ngumu yenye kokoto. Nikienda taratibu, kuna ubaya?
Msomaji, Bidiyah

JIBU: Upo ubaya, ndugu yangu, na mwendo wa taratibu hauuondoi. Tairi ya makasia imetengenezwa ili kila ubao wa mpira uzame mchangani na kuusukuma nyuma. Juu ya kokoto mashine nzima hubebwa na ubao mmoja au miwili kwa wakati, kisha ikaangukia unaofuata, na pigo hilo hupita kwenye ekseli, mnyororo na beringi kwa kila sentimita chache unazosogea. Ubao huanza kuchanika kwenye shina lake, pale usipoangalia, na huja kung'oka siku umefungua mafuta yote ukipanda kilima. Pakia kwadi kwenye pikapu mpaka mchanga unapoanzia, au nunua jozi ya pili ya rimu zenye tairi za kawaida na ubadilishe ukifika. Kwa kuwa ni nati 4 kila upande, kazi hiyo haizidi muda wa kuchemsha birika la chai.

SWALI: Kwadi yangu ilisimama bila kutumika kwa miaka mingi hapa Arusha. Tairi za nyuma zina kashata fupi, bado nzima kabisa kwa macho, lakini kwenye ardhi ngumu zinateleza kuliko tairi kipara za rafiki yangu. Inawezekanaje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Mpira umekufa. Jua, joto na miaka huufanya mpira ukauke na kuwa mgumu hata kama tairi haikuzunguka hata mara moja, na kwenye ardhi ngumu ulaini wa mpira una thamani kuliko kimo cha kashata, ndiyo maana vipara vya rafiki yako vinakushinda. Bonyeza ukucha kwenye kashata: mpira hai utaacha alama inayojifuta polepole, na uliokufa utakataa kama pembe ya ng'ombe. Kisha upanue kwa vidole shina la kashata mbili zilizopakana, utazame kama kuna nyufa ndogo za mstari. Ikiwa ubavuni pameandikwa tarakimu 4 za tarehe, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, na zitakusaidia pia unapouziwa tairi inayoitwa mpya ambayo imekaa dukani muda mrefu. Wapo mafundi watakaokushauri uzikwangue uso kwa msasa ili ufike kwenye mpira wa ndani. Hilo huleta nafuu ya siku chache kama ugumu ni wa juujuu tu, lakini ukiona nyufa kwenye mashina usihangaike, ondoa zote mbili, na usizirithishe kwenye kwadi ya mtu mwingine.